Rimu ya Karatasi

Jioni moja nilirudi nyumbani na rimu ya karatasi kwenye begi, watoto wapate za kuchorea. Binti yangu wa miaka tisa aliikodolea macho nembo iliyochapwa juu ya kila karatasi. "Baba, umezinunua?" Kabla sijajibu, kaka yake akamkata: "Za ofisini hizo, zimebaki tu." Hazikuwa zimebaki.

Watoto wale wanakula sahani moja, lakini mmoja ni mwendesha mashtaka na mwingine wakili wa bure. Kiswahili kinatenganisha hulka, anayozaliwa nayo mtu, na tabia, anayojengewa. Wanasaikolojia Michael Ashton na Kibeom Lee wa Kanada wameuweka uaminifu pamoja na unyenyekevu kuwa mhimili mmoja wa hulka. Aliyepungukiwa hapo huona wepesi kuvunja kanuni akinusa faida. Sawa, huyo ni mtendaji. Mimi ananishughulisha zaidi anayetazama: yule anayemwona mwenzake akimsainia asiyekuja kazini.

Mwaka 2017, uhakiki ulipowabaini watumishi wa umma 9,932 wa Tanzania wenye vyeti vya kughushi, kila kijiwe kiligeuka mahakama. Huyu alitaka wote wafungwe, yule alimlilia muuguzi aliyezalisha wanawake miaka na miaka. Mwaka 2022 serikali iliporidhia warejeshewe michango yao ya hifadhi ya jamii, ubishi ukaanza upya. Cheti ni kilekile. Kila mmoja alikisoma kwa hulka yake.

Nyumbani nako, binti yangu inabidi nimfundishe kumwendea mkosaji kabla ya kumshtaki, na kujichunguza kama anatafuta haki au anafurahia mtu kuumbuka. Si kazi ndogo, ila msingi anao.

Kaka yake, yule mpole, ndiye anayeninyima usingizi. Mtoto wa namna yake tunamsifu mbele ya wageni: hana neno, hajibu wakubwa. Kesho ndiye mhasibu atakayepitisha masurufu ya safari ambayo haikufanyika, kwa kuwa aliyemletea fomu ni mtu mzima na kumkatalia ni utovu wa adabu. Tulimfundisha shikamoo, tukasahau kwamba mtu anaweza kuamkia na bado akakataa. Siku hizi tunaigiza baada ya chakula: mimi bosi, yeye karani. Namsukumia karatasi. Mara ya kwanza alisaini bila kusoma, akitabasamu. Mara ya nne sauti ilimtoka kwa shida: "Samahani mzee, hii sitaiweza." Jasho lilikuwa limemtoka puani.

Rimu ile niliirudisha ofisini asubuhi baada ya jioni ile. Mtunza stoo alicheka mpaka akawaita wenzake. Jioni yule mpole akaniuliza kama nilifokewa. Nikamwambia hapana, nilichekwa tu.

Akafikiri kidogo. "Baba, si bora ungefokewa?"