Karanga za Kongwa na Mahindi ya Kibaigwa

Februari 1947 msafara wa kwanza wa mradi wa karanga uliwasili Kongwa, katikati ya nyika ya Ugogo. Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia, na serikali yake ilikuwa imeipokea kwa mikono miwili ripoti ya John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ripoti ilitaka zaidi ya ekari milioni 3 zifyekwe na kupandwa karanga, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Wakefield na wenzake waliikagua nchi kwa wiki tisa, na eneo kubwa waliliona wakiwa angani tu.

Yaliyozipata karanga yanajulikana. Mibuyu na vichaka viliyashinda matingatinga na vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mvua ya Ugogo haikufuata kalenda ya mtu, na udongo ulipokauka ulikuwa mgumu hata karanga hazikung'oleka. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mradi, pamoja na hasara ya pauni milioni 36.

Mimi nataka kuusema mji, maana huo haukumbukwi sana, na kosa lake ndilo tunaloendelea kulirudia.

Kwa muda wa miaka miwili mitatu Kongwa ilipata karakana kubwa, maghala, hospitali, maduka, shule ya bweni ya watoto wa Kizungu na tawi la reli kutoka stesheni ya Msagali. Mgeni aliyepita hapo mwaka 1949 angeapa kwamba ameuona mji. Lakini kila kilichokuwapo kilimtegemea bwana mmoja. Duka liliuzia watu waliolipwa na mradi. Treni ilileta mashine za mradi. Karakana ilitengeneza matrekta ya mradi. Mfugaji wa kijiji cha jirani, kama hakutafuta kibarua, hakuwa na shughuli yake mwenyewe pale. Ng'ombe wake waliuzwa kwingine, ndugu zake walikutana kwingine. Kwa hiyo bwana alipofunga hesabu, hakuna aliyebaki na sababu ya kuja. Reli iling'olewa.

Kusini mwa Tanganyika mambo ya mradi huo huo yalikuwa makubwa zaidi. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ilijengwa bandari mpya ya kina kirefu Mtwara, na reli kutoka pwani kwenda bara. Karanga hazikuja, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na mataruma yake yakaondolewa. Bandari ilisalimika, kwa sababu korosho za wakulima wa kusini zilikuwa na haja nayo, na korosho hizo hazikumngoja waziri yeyote wa London.

Sasa, ili kuona mji unavyozaliwa bila bwana mmoja, mtazame mtu anayekwenda mnadani siku ya mnada. Katika nchi yenye watu wachache hakuna anayetembea kilomita 20 kwa jambo moja. Anaswaga mbuzi wawili wa kuuza. Akishauza atanunua dawa ya mifugo, sukari, na sare ya shule ya mtoto. Atapita kwa mtendaji wa kata kugongesha muhuri barua. Mkewe amebeba debe la mtama la kusaga. Kuna shemeji wa kuonana naye kuhusu mahari ambayo haijaisha, na kuna nyama ya kuchoma, ambayo nayo ni sababu halali. Mbuzi ndiye anayemlipa mwenye mashine ya kusaga. Mashine ndiyo inayomleta mama ambaye hana mbuzi. Mama huyo ndiye anayemfanya muuza dawa athubutu kufungua hata siku isiyo ya mnada. Siku muuza dawa anapofungua kila siku, kitovu cha mji kimezaliwa, hata kama vibanda bado ni vya mabati.

Ndiyo maana napinga kwa nguvu zangu zote mtindo wa kutawanya. Halmashauri inapata fedha, inajenga stendi upande huu kwa sababu kuna kiwanja, soko la kisasa upande ule kwa sababu kuna kiwanja kingine, na mahakama juu ya kilima. Kila jengo ni zuri. Lakini mwenye barua ya kugonga muhuri hafiki sokoni, na mwenye nyanya haoni abiria. Jiji kubwa lina watu wa kutosha kuvumilia umbali huo. Mji wa watu elfu chache hauna. Baada ya mwaka utakuta meza za zege tupu ndani ya uzio, na akina mama wamerudi kupanga nyanya barabarani pale walipofukuzwa. Wanaitwa wakaidi. Kwa kweli wao ndio waliofanya upembuzi ambao mchoraji ramani hakuufanya.

Kibaigwa iko wilaya hiyo hiyo ya Kongwa, na hakuna msafara kutoka ng'ambo uliokwenda kuianzisha. Iko kwenye barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma, mahali ambapo mahindi ya Kiteto na vijiji vya jirani yanakutana na malori. Soko la nafaka lilipojengwa, lilijengwa kwa ajili ya biashara iliyokwisha kuwapo, nalo likaleta mizani, na mkulima akapata silaha dhidi ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Hiyo ndiyo kazi ninayoiombea serikali: paa, mizani, maji, choo, taa, vyote pale pale watu walipo. Mahindi yakileta malori, malori yanaleta mafundi gereji, mama lishe, gesti, wapiga debe, mawakala wa fedha, na fundi cherehani ambaye hana habari na mahindi kabisa.

Kongwa nayo haikufa. Kuanzia mwaka 1964 eneo lililoachwa na mradi lilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, na baadaye SWAPO, ANC na wengineo. Katikati ya miaka ya 1990 wilaya ilikatwa kutoka Mpwapwa, na Kongwa ikawa makao makuu. Leo mtu wa Hogoro au Mlali anakuja kwa kesi, kwa mgonjwa wa hospitali, kwa mwanafunzi wa bweni, na akishafika ananunua na vingine. Gunia la mahindi, hata hivyo, bado analipeleka Kibaigwa.