Jicho la Tabaka

Mpwa wangu ana miaka 14 na ni dereva wa basi. Analiendesha kwenye simu ya mamake, kochini kwetu Likoni, katika mchezo uitwao Bus Simulator Indonesia. Mchezo huu ulitengenezwa na kampuni ya Maleo, ukatoka mwaka 2017, na barabara zake ni za Indonesia. Lakini unakuruhusu kulivisha basi picha yako mwenyewe, na vijana wa Kenya hawakungoja kuambiwa mara mbili. Mabasi ya kule sasa yanavaa rangi za huku.

Siku moja akanijia. "Mjomba, wewe si una kompyuta? Nitengenezee gari la Ukunda."

Kompyuta ninayo, kuukuu. Pesa za programu ya kulipia sina. Nikapakua GIMP, programu ya picha iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Wiki ya kwanza nilichora kila kitu mahali pamoja: nikifuta dirisha, mlango nao unakwenda. Ndipo nikajifunza matabaka. Ni kama vioo vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Chini kabisa rangi ya bodi. Juu yake ule mstari wa njano tuliouzoea tangu kanuni za Waziri John Michuki za mwaka 2004. Juu yake maandishi, na juu ya yote vivuli. Tabaka la vivuli ukiliweka katika hali ya kuzidisha, palipo peupe panaacha rangi ya chini ilivyo, palipo peusi panatia giza. Na kando ya kila tabaka pana jicho dogo. Ukilibofya, tabaka halionekani tena, ingawa kwenye faili bado lipo.

Vivuli vikanishinda. Sasa kulikuwa na kijana mmoja wa Magongo, ambaye sijawahi kuonana naye, aliyeweka faili yake nzima kwenye grupu ya WhatsApp ya mpwa wangu, matabaka yote wazi, ili wenzake wajifunze. Mikunjo ya mabati, mng'ao wa vioo, na ubavuni mawimbi ya samawati yanayoanza gurudumu la mbele yakaenda kuvunjikia mlangoni. Chini ya mlango, tabaka moja dogo lenye jina lake.

Nikabadilisha rangi ya bodi. Nikaandika "Likoni – Ukunda". Halafu nikabofya jicho la lile tabaka la jina, nikatoa picha ya PNG. Faili ya GIMP yenyewe, XCF, hutunza kila tabaka peke yake. PNG huyagandisha yote yakawa picha moja, na ukishampa mtu hiyo, hana njia ya kujua kulikuwa na nini chini.

Grupu ikanisifu. Mpwa wangu akatamba: "Ni mjomba wangu huyo!" Baada ya siku chache mwenye gari mmoja wa huku huku akaiona picha, akataka mchoraji aipake kwenye matatu yake ya kweli. Akanitumia shilingi 3,000 kwa M-Pesa. Nikamuuliza amependa nini. "Hayo mawimbi, bwana," akasema.

Usiku huo nilijitetea sana. Nilisema ni mchezo tu. Lakini shilingi 3,000 hazikuwa mchezo. Nikasema hata yeye kaiga, kwani matatu zote zimeigana, kila gari lina sura ya mchezaji au mwanamuziki ambaye hakuombwa ruhusa. Hilo ni kweli, ila kosa la jirani haliwi ruhusa yangu. Mwisho nikasema: lakini alitoa bure.

Hapo nikasita. Waingereza wana neno moja, sisi tunayo mawili: bure na huru. Kitu cha bure hukukilipia. Kitu huru hukufungwa nacho. GIMP ni vyote viwili, na bado ina masharti. Leseni yake, GPL, inaniruhusu kuifungua, kuibadilisha, hata kuiuza, lakini nikiisambaza sharti niwaachie wengine uhuru ule ule, na nisifute majina ya waliotangulia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, mbali kabisa na haki zake za pesa. Yaani mtu anaweza kusamehe bei bila kulisamehe jina. Yule kijana alitoa mawimbi. Jina hakulitoa, aliliandika.

Kuna swali linalonisumbua bado. Je, deni hili lina mwisho? Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Kila asubuhi navuka na feri bila kumjua hata fundi mmoja aliyeiunga, na hakuna anayeniita mwizi. Nikitaja wote walio chini ya kazi yangu, sitafika kwenye kazi yenyewe. Nadhani tofauti ni hii: fundi wa feri simjui. Huyu nilimjua. Jina lake lilikuwa mbele yangu, na ili lisionekane ilibidi mimi nilitafute, niliguse, nilizime. Asiyejua na aliyefumba jicho hawako sawa, hata kama picha wanazotoa zinafanana.

Nikamwandikia. Nikamweleza yote, nikamtumia nusu ya pesa. Alijibu neno moja, "Haya." Sikujua ni haya ya kukubali au ya kunitazama tu, na sikuwa na haki ya kuuliza. Kwenye grupu nikaweka picha upya, jina lake chini ya mlango. Mpwa wangu alichekwa siku mbili. Akanuna, akaniambia, "Si ungenyamaza tu, mjomba? Hakuna aliyekuwa anajua." Nikamwambia wewe ulikuwa unanisifia kitu ambacho si changu, na mimi nilikuwa nakuacha.

Mwenye gari nilimpigia. Akasema gari lishapakwa, liko barabarani, hawezi kulitoa kazini siku nzima kwa ajili ya jina la mtoto wa Magongo. Kwenye kompyuta ningelibofya jicho likarudi. Juu ya bati ya kweli hakuna jicho. Basi nikiwa stendi ya Likoni naiona ikipita, mawimbi yake yanang'aa, watu wanayapiga picha. Mpwa wangu nikiwa naye hunitazama kwanza mimi, halafu gari. Siku hizi yeye ndiye anayewaambia abiria wa karibu ni nani aliyeyachora.