Uwanja wa Watoto

Nabii Zakaria, akitabiri heri ya Yerusalemu, aliona wazee wameketi njiani na mikongojo yao, na watoto wakicheza. Basi mchezo si upuzi mbele ya Mungu. Mwaka 1846 Mtakatifu Yohane Bosco alikodi banda na uwanja huko Valdocco, pembeni mwa mji wa Torino. Hapo vijana walisali, wakafundishwa katekisimu, wakacheza, naye akacheza nao.

Wazazi wapenzi, vitongoji vya miji yetu vyakua. Uwanja wa mchezo ukikatwa viwanja vya nyumba, vijana wetu waende wapi ila kilabuni? Twawasihi, tuulinde. Lakini uwanja usio na wazee haujakamilika. Dominika, baada ya Misa, tusiwaache watoto waende peke yao. Twende nao, tukaketi.