Samaki Niliyemrudisha Bwawani

Leo sina tafakari ya Injili ya Jumapili. Nina kesi, na mshtakiwa ni mimi mwenyewe.

Padre mmoja mgeni alipomaliza mapumziko yake parokiani kwetu aliniachia zawadi: ufito wa kuvulia samaki wa Kijapani, aina inayoitwa tenkara. Ni wa kaboni, mwepesi ajabu, vipande vyake vinaingiliana kama antena ya redio mpaka unatosha kwenye begi. Ukiuvuta unafika mita tatu na nusu hivi. Hauna kile kigurudumu cha kukunjia uzi. Uzi unafungwa kwenye ncha, basi. Wajapani wanautumia kwenye vijito vya milimani, ila padre alisema kwao Marekani anavulia besi mabwawani, samaki yule yule aliyepelekwa Ziwa Naivasha kule Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Akanisifia falsafa yake: vitu vichache, utulivu, hakuna mbwembwe. Mimi niliyemaliza digrii ya falsafa juzi tu, mlitegemea nini? Nilinasa kabla ya samaki.

Besi hatuna huku, lakini Bwawa la Hombolo lina perege na kambale. Lilijengwa mwaka 1957, kama kilomita 40 kutoka Dodoma mjini, ukipita mashamba ya zabibu. Jumamosi nikadandia bodaboda.

Nilirusha kwa saa nzima bila kitu. Ile ndoano ya manyoya iliyotengenezwa ifanane na mdudu, perege wa Hombolo hawakuielewa. Nikaweka nyungunyungu. Dakika chache baadaye ufito ukapinda mpaka nikaogopa utavunjika, nikamleta ukingoni perege wa kiganja na nusu. Nikalowesha mikono kama nilivyoona kwenye video, nikamtoa ndoano taratibu, nikapiga picha, nikamrudisha majini. Nilijisikia vizuri, hata karibu mtakatifu.

"Frateri, umemwachia?"

Alikuwa mtoto wa miaka kama kumi na moja, amesimama maji yakimfika magotini.

"Nimemrudisha akaishi, mdogo wangu."

Akafikiri kidogo. "Sasa kama ulikuwa humtaki, si ungemwacha tu? Umemtoboa mdomo bure." Halafu kwa sauti ya chini: "Ungenipa mimi."

Mkononi alikuwa na ufito wa mti wa porini, uzi wa nailoni umefungwa kwenye ncha. Hakuna kigurudumu. Hakuna mbwembwe.

Nimekaa na swali lile wiki mbili sasa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba tendo halipimwi kwa nia peke yake. Unaangalia pia tendo lenyewe ni nini, na mazingira yake. Nia yangu ilikuwa njema, nadhani. Na kurudisha samaki si kosa. Samaki mchanga arudishwe, akue, azae. Wanaovua kwa nyavu za matundu madogo wanakula mbegu ya mwakani. Lakini yule perege alikuwa mkubwa wa kutosha kabisa. Katekisimu, namba 2418, inasema kuwatesa wanyama au kuwaua pasipo sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Kumla kungekuwa sababu. Mimi nilimtesa kwa ajili ya picha, kisha nikauita mchezo huo huruma.

Na mazingira? Hii ni nchi ya Wagogo, ambako njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, haijasahaulika: majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakataa. Hapa chakula hakitupwi majini mbele ya mtoto aliyeshinda bwawani akitafuta kitoweo.

Ila kinachoniuma zaidi ni ule ufito wake. Mimi natarajia kuishi maisha ya kiasi, na ninayasifia kwenye semina za vijana. Kumbe kiasi changu kimetengenezwa kiwandani, kina begi lake, na nikikichoka nakikunja. Cha kwake hakikunjiki. Unaweza kusema fadhila ni ile uliyoichagua, hivyo umaskini wa kulazimishwa si fadhila. Kwenye mtihani ningeandika hivyo na ningepata maksi. Lakini kuchagua vitu vichache kuna maana gani, kama kile nilichokiacha hakimfikii aliyekosa?

Katika Injili zote ndoano inatajwa mara moja tu, Mathayo 17:27. Petro anatumwa atupe ndoano kwa sababu kuna kodi ya kulipwa. Amchukue samaki wa kwanza. Ile sarafu iliyo mdomoni inawatosha wawili.

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Yule mtoto alikuwepo. "Shikamoo, Frateri." Nikampa tenkara ajaribu, na moyoni nilishaamua kumwachia kabisa. Akarusha mara tatu, akautikisa, akanirudishia.

"Unapinda mno huu. Utavunjika kwa kambale."

Akachukua wake. Mpaka jioni ndoo yetu ilikuwa na perege watano, wanne wa kwake. Wangu alimshika mwenyewe, akampima kwa jicho, akaniangalia.

"Huyu je, tunamrudisha?"

"Hapana," nikasema. "Mpelekee mama."