Nani Awasamehe Waviking?

Miongoni mwa mambo ambayo masheikh wetu wa pwani wamekuwa wakiwafundisha watoto tangu chuoni ni hili: kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba ya kweli, lakini dhambi iliyo baina ya mja na mja mwenziwe haifutiki mpaka mdhulumiwa arudishiwe haki yake au atoe radhi mwenyewe, na hapana kadhi, wala mfalme, wala jamaa awezaye kuitoa radhi hiyo kwa niaba yake. Fundisho hili nimelikumbuka kwa sababu ya jambo linaloonekana kuwa mbali nalo, yaani michezo ya video inayosimulia habari za Waviking, wale maharamia na wafanya biashara wa Kaskazini ya Ulaya, na hususan mchezo uitwao Assassin's Creed Valhalla, uliotolewa mwaka 2020.

Tarehe 8 Juni 793, Waviking walishuka katika kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini-mashariki ya Uingereza, wakaivamia nyumba ya watawa iliyohifadhi mwili wa Mtakatifu Cuthbert, wakamwaga damu, wakabeba vyombo vya thamani, wakaondoka na watu. Alcuin, mwanachuoni wa Northumbria aliyekuwa akimtumikia mfalme Charlemagne, alipopata habari aliandika barua kadhaa akiuliza imekuwaje mtakatifu asiwalinde watu wake mwenyewe. Na jawabu alilolitoa, kwamba hiyo ni adhabu ya dhambi za wenyeji, ambao hata ndevu na nywele walizikata kwa kuwaiga wapagani, kwangu mimi ni jawabu dhaifu, maana linamtwika aliyedhulumiwa hatia juu ya msiba. Walakin katika barua yake kwa Higbald, askofu wa Lindisfarne, mna maneno machache yenye uzito kuliko hoja zote hizo: aliahidi kwamba mfalme atakaporejea nyumbani kutoka vitani, atakwenda kuzungumza naye, aone kama liko la kufanywa kwa ajili ya vijana waliochukuliwa mateka.

Vijana hao hawamo katika mchezo. Mchezaji, akiwa katika umbo la Eivor, Mviking wa karne ya 9 aliyehamia Uingereza na watu wake, hupiga baragumu, chombo kikagota ufukoni, wenzake wakaruka, mapaa yakashika moto, na makasha ya nyumba ya watawa yakavunjwa ili mali iliyomo ijenge kijiji chao. Lakini harudi na mateka hata mmoja. Fauka ya hayo, akimpiga mtu asiye na silaha huonywa kwamba Eivor hakuwaua raia, na akiendelea husimamishwa na kurudishwa nyuma. Onyo hilo lataka kuzingatiwa, kwa kuwa kisa chote kimejengwa juu ya dai kwamba anachokiona mchezaji ni kumbukumbu ya mtu aliyepata kuishi. Kwa hiyo anapoambiwa kwamba Eivor hakuua, hapewi kanuni ya mchezo tu, bali anapewa ushahidi. Na katika sehemu iliyoongezwa mwaka 2021, mchezaji hufika Ireland akasaidia kuikuza biashara ya Dublin, na bidhaa zake huwa ni nguo, vyakula vya tunu, vitu vya anasa na maandiko, ilhali Dublin ya Waviking ilikuwa moja ya masoko makubwa ya watumwa katika Ulaya ya Magharibi.

Anayetaka kujua ni nini kilichoondolewa na amsome Ahmad ibn Fadlan, aliyetoka Baghdad mwaka 921 katika ujumbe wa Khalifa Al-Muqtadir, akawakuta kando ya mto Volga watu walioitwa Rus, ambao wanataarikhi wengi huwahesabu kuwa Waviking wa upande wa mashariki. Aliwaona wakiiendea nguzo ya mti iliyochongwa sura ya mtu, wakaweka mbele yake mkate, nyama, vitunguu na maziwa, wakaitajia idadi ya vijakazi na ngozi walizokuja nazo, wakaiomba iwaletee mnunuzi mwenye dinari na dirhamu nyingi asiyebishana bei. Dirhamu hizo zilitoka katika nchi za Kiislamu, na katika kisiwa cha Gotland, mahali paitwapo Spillings, mwaka 1999 ilifukuliwa hazina ya fedha ya kilo 67, ambayo sarafu zake, takriban 14,000, karibu zote ni za Kiislamu. Sisi Waislamu, basi, hatuwezi kuisoma habari hii kama watazamaji tu.

Ibn Fadlan alihudhuria pia mazishi ya mkubwa wao mmoja. Vijakazi waliulizwa ni nani atakayekufa pamoja na bwana wake, mmoja akasema yu radhi. Na ni radhi gani hiyo, ya mtu ambaye hata pumzi yake ni mali ya mwingine? Alinyweshwa, akaimba, akaingizwa hemani, akashikwa mikono na miguu, akakabwa kwa kamba huku bibi kizee waliyemwita malaika wa mauti akimchoma kisu, na wanaume waliokuwa nje wakazipiga ngao zao kwa magongo, ili mayowe yake yasisikike na vijakazi wengine wasiogope kufa na mabwana zao. Sijapata maelezo bora zaidi ya kazi inayofanywa na mchezo uliowaondoa mateka: nao unazipiga ngao.

Nitajibiwa kwamba mchezo ni mchezo, na matendo huhukumiwa kwa nia, na kijana aliyekaa mbele ya kioo hakunuia kumdhulumu mtu. Hilo nalikubali, wala simwiti mkosaji. Lakini mchezaji wa bao hula kete za mwenziwe bila ya lawama kwa sababu nyuma ya kete hapana maiti. Mchezo uliojipa mwaka, mahali na majina ya watu waliokuwako umejiingiza wenyewe katika daawa yao. Tujitie sisi katika mizani hiyo. Kama mtu angetengeneza mchezo wa misafara ya karne ya 19 kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, akaziacha pembe za ndovu, ngoma na bendera, lakini akawaondoa waliofungwa minyororo, kisha akatutangazia kwamba mwenye msafara hakumwumiza mtu, je, tungeona ametusitiri au ametudhulumu mara ya pili?

Wala mtu asidhani kwamba wajukuu waweza kusamehe kwa niaba ya mabibi zao. Wachunguzi wa nasaba kwa damu wameona kwamba wanaume waliohamia Iceland wengi wao walitoka Skandinavia, na wanawake zaidi ya nusu walitoka Ireland na Uingereza, ambao wengi wao yamkini walipelekwa bila ya hiari; basi mtu wa Iceland ni mjukuu wa mwenye deni na wa mdai pia, na jina la bibi yake wa kwanza aghalabu halijui.

Sisemi kwamba michezo haiwezi kuyabeba mambo haya. Senua's Saga: Hellblade II, uliotoka mwaka 2024, huanza ndani ya jahazi la watumwa lielekealo Iceland, na shujaa wake ni mwanamke aliyekubali kutekwa ili aijue nchi ya watekaji na kuukomesha uovu wao. Jahazi linavunjika, na mmoja wa watekaji, Thorgestr, humwangukia mikononi. Senua hamuui, humlazimisha amwongoze njia. Mchezaji aweza kuudhika kwa uamuzi huo, lakini uamuzi ni wa Senua, aliyefungwa kamba jahazini, wala hapana aliyeutoa kwa niaba yake.