Kuomba na Moyo Mkavu: Je, ni Unafiki?



Katika kutembelea nyumba kwa nyumba tumesikia neno moja likirudiwa na watu wasiofanana: mama wa kwaya, kijana wa sekondari, mzee mwenye miaka mingi katika wokovu. Halisemwi wakati wa maombi. Husemwa mlangoni, wakati wa kuagana, kwa sauti ya chini: ninaomba, lakini sisikii kitu tena. Na baadhi huongeza kwamba wameacha kabisa kupiga magoti nyumbani, maana wanaona kuomba hivyo ni kumdanganya Mungu.

Hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulizungumzia. Sababu za ukavu wenyewe hazihitaji kutafutwa mbali. Hapa Nakivale wakimbizi wamepokelewa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wako kati yetu waliozaliwa hapa na kuzaa hapa. Mwaka 2023, fedha za wafadhili zilipopungua, wakimbizi wa Uganda walianza kupangwa katika makundi ya kupewa chakula, na kundi moja likaondolewa katika mgao. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimekwisha kuaga zikafungua tena mabegi yao. Mwezi huohuo Goma ikaanguka, na Februari Bukavu, na simu za nyumbani zikawa ni za kuhesabu waliopona. Mtu aliyepitia hayo akisema moyo wake umekauka kama udongo wa Julai, hatuoni ajabu. Ajabu ni kwamba bado anauliza kama anamdanganya Mungu. Asiyemjali Mungu haogopi kumdanganya.

Basi, je, ni unafiki?

Wengi wanaosema ndiyo hutegemea Mathayo 15, pale Bwana Yesu, akitumia maneno ya Isaya, anapowakemea watu wanaomheshimu Mungu kwa midomo huku mioyo iko mbali. Lakini tusome sura hiyo tangu mwanzo wake. Waliokemewa walikuwa na kosa linalojulikana: walikuwa wanawanyima baba na mama zao msaada, kisha wanasema mali hiyo imekwisha kutolewa kuwa sadaka. Yaani ibada yao ilikuwa pazia la kufunikia dhuluma. Hakuna mahali katika sura hiyo panaposema walikosa machozi au joto kifuani. Pengine walikuwa na joto jingi sana.

Tena neno lenyewe, moyo. Katika Maandiko moyo ni mahali pa kufikiri na kuamua, si mahali pa kusisimka tu. Sisi tunaosema Kiswahili tungepaswa kulielewa hilo haraka, maana tunasema mtu amepiga moyo konde, na tunamsema hivyo hasa siku ambayo ndani yake anatetemeka. Mama anayeamka saa nane ya usiku kumchemshia uji mtoto mwenye homa, huku yeye mwenyewe amechoka hata hana hisia yoyote ya upendo, nani atamwita mnafiki? Tungesema usiku ule ndio aliopenda kweli, maana hakuwa na kitu cha kumsukuma isipokuwa uamuzi wake. Kwa nini basi tuwe na kipimo kingine kwa habari ya maombi?

Mnafiki ni yule anayewaonyesha watu kile asichonacho. Kwa hiyo tunakubali kwamba kuna unafiki mmoja ulio karibu na watu wakavu, nao hauko katika kuomba. Uko katika ushuhuda. Makanisa yetu ya upande huu yamelelewa na uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, na tumerithi desturi ya kusimama na kushuhudia. Ni urithi mzuri. Lakini wale wazee walisisitiza kutembea nuruni, na nuru hiyo ilimfanya mtu akiri hata ubaridi wa moyo wake mbele ya ndugu. Sisi tumebaki na furaha ya ushuhuda na kuliacha lile la kukiri. Sasa anayesimama Jumapili sharti awe ameshinda, na asiyeshinda hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Kitabu cha Zaburi hakikufanya hivyo. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na kumalizika gizani, bila mstari wa mwisho wa kututuliza. Zaburi ya 137 ni ya watu kama sisi, waliopelekwa Babeli, wakatundika vinubi vyao kwa sababu hawakuweza kuimba katika nchi ya ugeni. Na habari hiyo ya kushindwa kuimba ikawa wimbo, ikawekwa kati ya nyimbo za ibada. Waliokusanya zaburi hawakuona kwamba mtu wa namna hiyo anamdanganya Mungu. Walimwona kuwa anaomba.

Sasa tuje kwenye majaribu, maana ukavu peke yake hauui; unaua pale unapogeuzwa kuwa ruhusa.

Shetani hakumjia Bwana Yesu pale Yordani, mbingu zilipofunguka. Alimjia jangwani, baada ya siku 40 bila chakula, na neno lake la kwanza lilitia shaka juu ya kile ambacho sauti ilikuwa imekisema mtoni. Katika Mathayo 4 hatusomi kwamba sauti ile ilirudi kumsaidia. Alijibu mara tatu, na mara zote tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6, maneno aliyokuwa nayo tangu kabla ya njaa. Malaika walikuja baadaye, jaribu lilipokwisha.

Hapa kwetu jaribu hilo lina sura tunayoijua. Mtu anakuja jioni, anaongea vizuri, anasema kwa pesa kidogo anaweza kumwingiza binti yako katika kesi ya familia nyingine inayotazamiwa kuondoka, au anaweza kukufundisha hadithi ya kusema kwenye mahojiano. Wakati moyo una moto ungemfukuza kabla hajakaa. Wakati umekauka unaanza kupiga hesabu: Mungu amenyamaza miaka mingapi? Kama hasemi, ananidai nini?

Hesabu hiyo ina kosa, na kosa liko mahali pamoja. Inachukulia kwamba ukweli ni deni letu kwa Mungu peke yake, kwamba akinyamaza deni limefutwa. Lakini ukweli tunadaiwa pia na watu. Iko familia ambayo kesi yake itasukumwa nyuma ili uongo upite mbele. Uko ule mtoto aliyeandikwa kwa baba asiye wake. Ataitwa kwa jina la wageni maisha yote, na siku atakapotaka kumleta mama yake halisi, karatasi zake mwenyewe zitamkana. Mbingu zikinyamaza au zisinyamaze, mtoto yule ataumia vilevile. Kwa hiyo anayetaka kujua kama jambo ni halali asiulize kwanza moyo wake una joto kiasi gani. Aulize nani ataumia.

Tunasema hivi bila kuwahukumu waliokwisha kunaswa. Njaa ya watoto tunaijua sote.

Kuna jaribu la pili ambalo huonekana kama dawa. Mkavu akisikia kwamba mahali fulani kuna nabii anayetaja majina ya watu na nchi watakazokwenda, atatembea hata kilomita kumi. Atarudi na chupa ya mafuta, na pesa ya maharagwe imebaki huko. Hatupingi karama za Roho. Tunasema tu kwamba mtu mwenye kiu hununua maji bila kuangalia yametoka wapi, na wako wanaoijua biashara hiyo.

Lakini mtu ajuaje kama ukavu wake ni kujaribiwa au ni kupoa kwake mwenyewe? Swali hili ni la zamani. Yohana wa Msalaba, mtawa wa Hispania aliyefungwa na ndugu wa shirika lake mwenyewe kule Toledo mwaka 1577 hadi 1578, alitoa alama tatu ambazo, ingawa si wa dhehebu letu, tunaona zinafaa. Kwanza, mtu haoni ladha katika mambo ya Mungu, wala haoni ladha katika kitu kingine chochote. Aliyepoa huwa amepata ladha mahali pengine. Pili, jambo hilo linamsumbua, anaogopa kwamba hamtumikii Mungu. Tatu, hawezi tena kutafakari kama alivyozoea, hata akijitahidi. Mama Teresa wa Kalkuta, aliyefariki mwaka 1997, aliishi katika hali ya namna hiyo kwa karibu miaka hamsini. Barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 watu wengi walishangaa, maana muda wote huo waliokuwa wakifa barabarani walikuwa wakiokotwa na kuogeshwa.

Mtawa yule aliongeza jambo tusilotaka lipite haraka: kukosa ladha kunaweza kutokana na ugonjwa wa huzuni. Wapendwa, kati yetu wako walioona mambo ambayo hayasemeki, na miili yao haijaacha kuyaona. Asiyelala majuma mengi, anayeshtuka kwa kila kishindo, anayetamani kufa, tusimfungie ndani tukitafuta pepo. Eliya alitamani kufa chini ya mretemu, 1 Wafalme 19, na Mungu hakumkemea. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa chakula mara ya pili. Maswali yalikuja baada ya siku 40, huko Horebu. Kwa hiyo mpelekeni ndugu wa namna hiyo kituo cha afya, mkae naye kwenye foleni, na mmwombee hapohapo kwenye foleni.

Na kwa yule asiyeweza kuomba kabisa, hata kwa moyo mkavu? Katika Marko 2 mwenye kupooza hakusema neno lolote njiani. Watu wanne walimbeba, wakatoboa dari, na imani iliyotajwa pale ni imani yao. Hatusomi kwamba aliulizwa anajisikiaje.

Kwa sababu hiyo maombi ya Jumatano saa kumi na moja jioni, watu wakishatoka mashambani, yataendelea kwa utaratibu mmoja uliobadilika: hakuna atakayeitwa kushuhudia asipoinua mkono. Zaburi itasomwa, pamoja na ya 88. Anayetaka kuja akae kimya, aje akae kimya. Mabenchi yapo, na wengine watakuwa wanaomba.