Tafakari ya Juma: Walinzi wa Wapendanao



Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi pamoja, hurusha dadu na kusimulia safari za mashujaa katika dunia ya kubuni. Dunia hiyo ina miungu wengi. Mmoja wao ni Hanali Celanil, mungu wa kike wa Waelfi, viumbe wenye masikio yaliyochongoka ambao huweza kuishi hata miaka 700. Yeye husimamia mapenzi, yale ya moto, yanayomkosesha mtu usingizi. Alama yake ni moyo wa dhahabu, na katika maji ya chemchemi yake, Evergold, huwatazama wampendao.

Sisi hatumsujudii, wala waliombuni hawakukusudia asujudiwe. Lakini Paulo alipofika Athene alizitazama kwanza ibada za wenyeji, ndipo akasema nao. Kwa huyu Hanali limenigusa jambo moja: inasimuliwa kwamba hujitokeza kwa nadra, ila kwa siri huwalinda vijana wapendanao, na makuhani wake huwapa hifadhi. Watu waliokaa kubuni mungu wa mapenzi waliona kwamba mapenzi machanga yanahitaji mlinzi. Naiheshimu kiu hiyo.

Sasa fungueni Wimbo Ulio Bora, sura ya tano. Usiku mpendwa anabisha mlangoni, nywele zimelowa umande. Msichana anasitasita kidogo, maana ameshanawa miguu na kulala. Anapofungua, kijana ameondoka. Anatoka kumtafuta gizani, na wanaomkuta ni walinzi wa mji. Wanampiga, wanamjeruhi, wanamnyang'anya shela yake. Walinzi hao! Waliowekwa ili mtu kama yeye apite salama. Wala Maandiko hayataji kosa lolote alilotenda.

Aya hiyo hunitia hofu, kwa sababu ndani yake naliona kanisa. Kijana akituambia kwamba amempenda mtu, mara nyingi tunaanza kwa kuuliza kabila. Binti akipata mimba tunamtenga mbele ya usharika mzima, na aliyempa mimba hiyo anaendelea kuimba kwaya. Kisha tunashangaa vijana wanapoacha kutuambia lolote.

Sisemi mapenzi yaachiwe yaende yatakavyo. Wimbo huohuo mara tatu unawasihi binti za Yerusalemu wasiyaamshe mapenzi kabla ya wakati wake. Na hapa ndipo ninapoachana na Hanali: hata wanaomsimulia wanakiri kwamba ana majivuno kidogo na hatulii. Hufurahia mapenzi yanapochipua. Lakini msichana wa Wimbo amepigwa, amevuliwa shela, na bado anawaomba wenzake wakimwona mpenzi wake wamweleze jinsi anavyougua kwa kumpenda. Sura ya nane inayapima mapenzi kwa nguvu ya mauti yenyewe. Mtawa Bernardo wa Clairvaux, katika karne ya 12, aliandika mahubiri 86 juu ya kitabu hiki na hakuvuka mwanzo wa sura ya tatu. Makanisani mwetu kinaweza kupita mwaka mzima bila kusomwa, labda iwe siku ya harusi, tena aya mbili tu zilizochaguliwa kwa uangalifu.

Wazee wangu, mama zangu wa umoja wa wanawake, nawasihi. Juma hili someni sura zote nane kwa sauti, pamoja na vijana wenu. Atakayekuja kwenu na jambo la moyo, msikilizeni hadi amalize kabla hamjamuuliza swali hata moja. Na yule binti mliyemtenga, mwendeeni nyumbani kwao kabla ya Jumapili.